Bunduki Huja Baada ya Karatasi

Katika riwaya ya Frederick Forsyth, The Dogs of War, iliyochapishwa mwaka 1974, vita vinaanzia kwenye mifuko ya mawe. Mtafiti wa madini amerejea London akitokea Zangaro, nchi ya kubuni huko Afrika Magharibi, alikopanda mlima mmoja na kuchukua sampuli. Sampuli zinapelekwa maabara. Mkemia anapima, anarudia kupima, kisha anaandika alichokiona: mlima umejaa platinamu. Ripoti inapomfikia bosi wa kampuni, Sir James Manson, wala hakimbilii kutafuta askari. Anamtafuta mkemia. Amepata habari kwamba mtu huyu ana mtoto mgonjwa ambaye matibabu yake ni ghali, na kwa mlango huo anamnunua aandike ripoti nyingine, ya uongo, inayosema mlima ule hauna kitu cha kumtoa mtu jasho.

Ripoti ya kweli inafungiwa. Manson anaanza kununua kampuni moja iliyolala, ambayo hisa zake zinauzwa kwa bei ya kutupa, naye anazinunua kwa majina ya watu wengine kupitia benki ya Zurich. Hesabu yake ni kwamba rais wa Zangaro akipinduliwa atawekwa mwingine, huyo mwingine ataipa kampuni hiyo leseni ya uchimbaji, na hisa zitakapopanda Manson atavuna mamilioni bila mkono wake kuonekana popote. Mamluki wanaingia baada ya hayo kupangwa. Na hata wakishaingia, Forsyth anatumia kurasa nyingi kuonyesha wanavyotafuta meli, wanavyofungua akaunti, wanavyonunua sare na viatu kwa mafungu ili wasishtukiwe, na wanavyoihangaikia hati ya mtumiaji wa mwisho, ile karatasi ambayo serikali fulani inathibitisha kwamba silaha zinanunuliwa kwa ajili yake. Mapigano yenyewe yanaisha usiku mmoja.

Wapo wasomaji wanaoziruka kurasa za meli na akaunti ili wafike haraka kwenye milio ya bunduki. Mimi naona wanairuka roho ya kitabu. Riwaya na filamu za taharuki kuhusu makampuni na maliasili ni nyingi sasa, za mafuta, almasi, dhahabu, maji, na baada ya kuzifuatilia kwa muda mrefu nimefikia msimamo mmoja: zinasema kweli pale zinapokaa na karatasi. Zinapokimbilia risasi mapema, hutuacha tukidhani kwamba mali ya nchi huibwa usiku na watu wenye silaha, wakati kwa kawaida huondoka mchana, ina mhuri, na ofisa wa forodha ameipungia mkono.

Mfano mzuri wa jambo hili ulitokea nje ya vitabu. Zangaro ya Forsyth ilichorwa kwa kuitazama Guinea ya Ikweta. Miaka thelathini baada ya riwaya kutoka, tarehe 7 Machi 2004, ndege aina ya Boeing 727 ilizuiwa uwanja wa Harare ikiwa na kundi la wanaume waliokuja kuchukua silaha walizozinunua Zimbabwe. Kiongozi wao alikuwa Simon Mann, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza. Walidai wanakwenda kulinda migodi huko Kongo. Ukweli uliothibitika baadaye, na ambao Mann mwenyewe aliukiri, ni kwamba walikuwa wakienda Malabo kumpindua Rais Teodoro Obiang, aliyekuwa madarakani tangu mwaka 1979, na kumweka mpinzani aliyekuwa uhamishoni Hispania. Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikiri kosa mbele ya mahakama ya Afrika Kusini Januari 2005 kwa kugharamia helikopta iliyohusishwa na mpango huo, akatozwa faini ya randi milioni tatu. Mann alihukumiwa kifungo cha miaka 34 huko Malabo mwaka 2008, akasamehewa mwaka uliofuata. Yeye na Forsyth walifariki wote mwaka 2025, wakipishana wiki chache.

Magazeti ya dunia yaliisimulia habari hiyo kama riwaya iliyopata uhai, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini mwaka huohuo wa 2004, mwezi Julai, kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti ambayo watu wachache sana waliisimulia baa au kwenye basi. Ilihusu benki ya Riggs ya mjini Washington. Wachunguzi walikuta benki hiyo ikisimamia akaunti na amana zaidi ya 60 za serikali ya Guinea ya Ikweta, maofisa wake na jamaa zao, ambazo kuna wakati zilifikia dola milioni 700. Hizo zilikuwa fedha za mafuta, yaliyoanza kutoka kwa wingi baada ya eneo la mafuta la Zafiro kugunduliwa mwaka 1995. Ripoti ilieleza pia malipo ambayo makampuni ya mafuta yalikuwa yakiwafanyia maofisa na ndugu zao: kodi za majengo, ada za wanafunzi, mikataba ya ulinzi.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mamluki waliotaka kuyafikia mafuta kwa bunduki waliishia gerezani kabla hawajafyatua risasi hata moja. Wakati huohuo fedha za mafuta hayohayo zilikuwa zikipita kwenye madirisha ya benki yenye heshima, umbali mfupi kutoka Ikulu ya Marekani, na kila muamala ukipewa namba. Ningekuwa mwandishi wa riwaya, ningemwacha Mann akae Harare na kumfuata karani wa benki.

Anayedhani karani hawezi kuleta taharuki ayasome mashtaka ya Glencore. Mei 2022 kampuni hiyo ya biashara ya madini na mafuta, yenye makao Uswisi, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani kuhusu mpango wa hongo uliogusa nchi kadhaa, zikiwemo Nigeria, Cameroon, Ivory Coast, Guinea ya Ikweta na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika barua pepe zao wahusika hawakuandika hongo. Waliandika magazeti. Mtu anaagiza magazeti fulani, mwingine anajibu kwamba kurasa zitafika, na kinachosafiri ni fedha. Mahakama ya London, iliyosikiliza upande wa Uingereza mwaka huohuo, ilielezwa kwamba fedha taslimu zilipakiwa kwenye ndege binafsi kupelekwa Afrika Magharibi. Mimi ninayekula kwa kuandika magazetini nilipoisoma hati ile iliniuma. Wamechukua kitu ambacho mwananchi hukinunua ili ajue anaibiwa wapi, wakakifanya jina la wizi wenyewe. Hakuna mtunzi niliyemsoma aliyewahi kubuni maelezo madogo yenye sumu kiasi hicho.

Mwandishi aliyeyakaribia zaidi mambo haya kwa upande wetu ni John le Carré, katika The Mission Song ya mwaka 2006. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kukitafuta kitabu hicho. Mhusika mkuu, Bruno Salvador, ambaye wote humwita Salvo, ni mtoto wa mmisionari wa Ireland na mama wa Kikongo. Amekulia mashariki ya Kongo na kazi yake London ni ukalimani: Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na lugha nyingine za Kivu ambazo Wazungu wanaomwajiri hawawezi hata kuzitaja. Siku moja anachukuliwa hadi kisiwa kimoja cha kaskazini, kwenye mkutano wa siri. Kundi la wafanyabiashara wasio na jina limewakutanisha wakuu wa vikosi vya wapiganaji na mwanasiasa mzee anayeitwa Mwangaza, ambaye anahubiri kwamba wananchi wa Kivu lazima wapate fungu lao katika madini. Lengo linalotangazwa ni amani. Uchaguzi wa Kongo uko karibu, na wao wanataka kuishika Kivu kabla kura hazijapigwa.

Le Carré anakifanya chumba cha mkutano kuwa uwanja wa vita. Mabishano yanapozuka, yanahusu asilimia. Nani atapata nini, uwanja upi wa ndege utakuwa wa nani, fungu la wananchi litabaki mikononi mwa nani. Mchana Salvo anatafsiri mezani. Wakati wa mapumziko anashushwa chumba cha chini na kuvishwa vipokea sauti ili asikilize wajumbe wanasemaje wakiwa peke yao, kwa kuwa kisiwa kizima kimetegwa vinasa sauti. Humo ndimo anapomsikia mjumbe mmoja kijana, Haj, mtoto wa mfanyabiashara wa Bukavu, akiteswa kwa sababu amekataa kutia saini. Hatuoni chochote. Tunasikia kwa masikio ya mkalimani, na baadaye kidogo Haj anarudi mezani akiwa amekubali. Mkataba unasainiwa, watu wanapeana mikono. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa katika riwaya za aina hii unaoonyesha wazi zaidi namna saini ya hiari inavyoweza kutengenezwa.

Salvo anaiba kanda na kumkimbilia mtu mkubwa anayemwamini, na mtu huyo naye yumo ndani ya mpango. Mwishoni yuko kizuizini akingoja kufukuzwa nchini. Hapo le Carré aliuvunja uongo unaorudiwa sana katika filamu za Marekani, kwamba ukishaziweka nyaraka hadharani mambo hujinyoosha. Kongo yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti zake kuhusu uporaji wa rasilimali kuanzia mwaka 2001, na ile ya Oktoba 2002 ilitaja kwa majina makampuni 85 ambayo kwa maoni ya jopo yalikiuka miongozo ya kimataifa ya biashara. Ilisomwa, ikajadiliwa, ikapingwa na wengi wa waliotajwa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwaka 2024, waasi wa M23 waliishika Rubaya, mji wa koltani huko Masisi, na wakaanza kutoza kodi kwa kila kilo inayotoka.

Filamu iliyonifunza zaidi kuhusu mipaka ya ushahidi ni ya Italia. Il caso Mattei ya Francesco Rosi, ya mwaka 1972, inamhusu Enrico Mattei, mkuu wa shirika la mafuta la Italia, ENI. Mattei aliyachokoza makampuni makubwa ya mafuta kwa kuzipa nchi zenye visima masharti ambayo hayakuzoeleka. Wakati mgawo wa kawaida ulikuwa nusu kwa nusu, makubaliano yake na Iran ya mwaka 1957 yaliiachia nchi hiyo takriban robo tatu ya faida. Tarehe 27 Oktoba 1962 ndege yake, ikitokea Sicily, ilianguka Bascapè karibu na Milano. Uchunguzi wa wakati huo ulisema ni ajali. Rosi alipokuwa akiandaa filamu alimwomba mwandishi wa habari wa Palermo, Mauro De Mauro, amfuatilizie siku mbili za mwisho za Mattei kisiwani Sicily. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1970 De Mauro alitekwa mbele ya nyumba yake na hajaonekana tena hadi leo. Rosi aliliingiza tukio hilo ndani ya filamu, kwa hiyo mtazamaji anaangalia kazi ambayo mtafiti wake ametoweka wakati inatengenezwa. Waendesha mashtaka wa Pavia walilifungua upya jalada la ndege ile miaka ya 1990 na wakahitimisha kuwa ililipuliwa. Aliyeilipua hajafikishwa mahakamani.

Tanzania ina uhusiano na simulizi hii, ingawa watu wengi wa Dar es Salaam hawaukumbuki. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966, miaka minne baada ya Mattei kufa, kilikuwa cha ubia kati ya Tanzania na Waitaliano hao wa ENI. Na gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na AGIP, kampuni tanzu ya shirika hilohilo. Mzee wa Kigamboni aliyefanya kazi kwenye matangi ya TIPER alikuwa akiishi ndani ya sura ya mwisho ya habari ambayo Wazungu waliifanyia filamu.

Kuhusu Blood Diamond ya mwaka 2006 sitasema mengi. Djimon Hounsou anaigiza vizuri sana kama mvuvi wa Sierra Leone aliyetenganishwa na mwanawe, lakini hadithi inamwachia nafasi ya pembeni, na shujaa anakuwa mamluki Mzungu anayetubu. Kibaya zaidi ni mwisho wake, mvuvi akiingia ukumbini kutoa ushuhuda mbele ya wakubwa wa dunia, mtazamaji akatoka sinema ametua mzigo. Mpango wa Kimberley wa kudhibiti almasi za vita ulianza kazi kweli mwaka 2003, ila uliandikwa kwa namna ambayo almasi ya vita ni ile tu inayowafadhili waasi. Askari wa serikali wakiua wachimbaji, kama ilivyotokea Marange, Zimbabwe, mwaka 2008, almasi ya hapo haiingii kwenye tafsiri hiyo. Shirika la Global Witness, lililokuwa miongoni mwa walioupigania mpango huo, lilijitoa mwaka 2011. Sentensi moja ya tafsiri ndani ya hati iliamua vifo vipi vihesabiwe, na hakuna kamera iliyokwenda kuitazama sentensi hiyo.

Nimekuwa nikizungumzia vya wengine, na sababu ya kuandika makala hii ni vya kwetu. Sisi tuna jadi ya riwaya za kijasusi ambayo hatupaswi kuionea haya. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Nakala nilizozisoma nikiwa kijana zilikuwa zimeng'oka majalada, kurasa za mwisho zimechanika, na ilibidi umuulize aliyekutangulia iliishaje. Zilipita mikono mingi kwa sababu zilimweka Mwafrika katikati, mwenye akili, anayepanda ndege, anayeingia hoteli za kifahari na kumzidi adui maarifa. Na adui alijulikana: utawala wa makaburu, majasusi wake, mamluki na vibaraka waliotumwa kuzihujumu harakati za ukombozi. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya kweli ya miaka ile, na watunzi wetu waliiandika ikiwa bado moto.

Kisha makaburu wakaanguka mwaka 1994, na miaka minne baadaye Tanzania ikapitisha Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Migodi mikubwa ya dhahabu ikaanza kufunguliwa Kanda ya Ziwa. Adui mpya hakuwa na bastola. Alikuja na kifungu kinachosema mrabaha wa dhahabu ni asilimia tatu, tena ukikokotolewa baada ya kutoa gharama za kusafirisha na kuyeyusha. Mwenye mgodi ndiye anayeleta hesabu ya gharama hizo. Akiziongeza, mrabaha unapungua, na hakuna aliyevunja sheria. Ilichukua hadi Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kuupandisha mrabaha kufika asilimia nne na kuukokotoa kwenye thamani ghafi. Willy Gamba hakuwahi kutumwa kupambana na kifungu cha namna hiyo. Alipaswa kutumwa.

Maana visa havikukosekana. Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulisainiwa hotelini London, wakati Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Mbunge kijana, Zitto Kabwe, akasimama Bungeni kuhoji kwa nini mkataba mpya unasainiwa kabla mapitio hayajakamilika, na kwa nini usainiwe nje ya nchi. Akaomba iundwe kamati teule. Agosti mwaka huo Bunge likamsimamisha yeye, kwa madai kwamba alikuwa amemsingizia waziri uongo. Akapita mikoani, mikutano ikafurika. Miezi michache baadaye Rais akamteua huyohuyo kuwa mjumbe wa kamati ya Jaji Mark Bomani iliyoipitia sekta nzima ya madini, na mapendekezo ya kamati hiyo yakazaa sheria ya 2010. Angalia vilivyomo: hoteli ya mbali, saini, ukumbi wa Bunge, adhabu, umati, kisha mlango unafunguliwa na waliokuwa wameufunga. Mtunzi hana cha kuongeza zaidi ya mazungumzo.

Halafu yakaja makinikia. Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku kusafirisha nje mchanga wa dhahabu, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Ndani yake kulikuwa na unga mzito wa rangi ya kijivu iliyoiva, mithili ya saruji iliyolowa, wenye shaba, dhahabu na fedha ambazo hutenganishwa kwenye vinu vya kuyeyushia ng'ambo. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli. Tarehe 24 Mei ripoti ikasomwa Ikulu, moja kwa moja kwenye televisheni, na nchi nzima ikasimama kusikiliza matokeo ya maabara. Kamati ilisema wastani ni gramu 1,400 za dhahabu katika kila tani, wakati nyaraka za usafirishaji zilionyesha gramu 200 hivi. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mchanga huo, ilikanusha vikali na kusema takwimu hizo haziwezekani. Waziri wa Nishati na Madini akaondoka siku ileile. Julai Acacia ikapelekewa dai la kodi la dola bilioni 190.

Mafundi magari, mama lishe na walimu walikuwa wakibishana kuhusu gramu kwa tani. Wiki hizo ndizo zilizonithibitishia kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kuubeba mzigo wa kitaalamu ikiwa kinachobishaniwa ni chake. Forsyth alihitaji mlima wa kubuni ili sampuli ya mawe iwe chanzo cha taharuki. Sisi tulikuwa na sampuli, namba mbili zinazotofautiana mara saba, makontena yamefungwa na jua la bandarini linawaka. Swali lililopaswa kumnyima usingizi mtunzi ni lile la riwaya ya 1974: nani alikuwa amesimama kando ya mkemia wakati anaandika namba yake? Kwa upande wowote.

Mwisho wa kisa hicho haukufanana na filamu. Mazungumzo yalifanyika kati ya serikali na Barrick, mwenye hisa mkuu wa Acacia. Watanzania wakasikia habari ya dola milioni 300 zikiitwa kishika uchumba. Januari 2020 makubaliano yakasainiwa, ikaanzishwa Twiga, kampuni ya ubia ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Dola bilioni 190 zikapotelea hewani. Kuna wanaosema tulishinda na kuna wanaosema tulitishia kwa namba ambayo hakuna aliyeiamini. Mimi nadhani riwaya nzuri ingeweza kuwapa nafasi wote, kwa sababu mtunzi anaruhusiwa kuingia chumba ambacho mwandishi wa habari anaachwa nje ya mlango wake.

Wakenya wamepiga hatua. Country Queen, tamthilia ya mwaka 2022 iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kubeba nembo ya Netflix, inamfuata Akisa, mwanamke wa Nairobi anayerudi kijijini kwao Tsilanga na kukuta kampuni ya madini iitwayo Eco Rock inataka ardhi. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Kikamba na Kiingereza kadiri Wakenya wanavyozungumza. Kuna sehemu inalegea, mapenzi yanapoula muda wa ardhi. Lakini hakuna mgeni anayekuja kuwaokoa, na ugomvi wa kuuza au kutouza unapita katikati ya familia moja, kaka na dada, mzazi na mtoto, kama unavyopita kweli. Kampuni haihitaji kupiga mtu risasi ikiwa inajua ndugu yupi ana deni.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa Kiswahili, na kwa kina zaidi. Nataka Nyamongo, ambako familia za waliouawa na kujeruhiwa kwenye mgodi wa North Mara zilifungua kesi London, na mwaka 2015 kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa makubaliano ambayo masharti yake ni siri. Mtu amempoteza mwanawe, amelipwa, na amesaini karatasi ya kutosema. Anakaa kikao cha ukoo na ndugu zake wanamuuliza fedha zilikuwa ngapi. Riwaya nzima imo ndani ya swali hilo. Nataka mhasibu wa Mamlaka ya Mapato anayegundua kwamba kampuni ya mgodi inamlipa riba kubwa ndugu yake wa kisiwani, kampuni dada isiyo na mfanyakazi hata mmoja, na kwamba kwa sababu ya riba hiyo mgodi umetangaza hasara mwaka baada ya mwaka huku ukichimba dhahabu usiku na mchana. Bosi wake anamwambia aandike upya. Ana ada za watoto, ana mkopo wa nyumba. Huyo ni Joram Kiango wa zama hizi, na msomaji atamwogopea.

Najua hoja ya wachapishaji: Willy Gamba aliuzwa kwa bastola na warembo, mkataba hauuzi. Wiki zile za makinikia zinaipinga. Kinachohitajika ni kazi ya miguu, na malighafi iko wazi kuliko watunzi wengi wanavyofikiri. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani, na tangu 2017 sheria nyingine inaliruhusu Bunge kuelekeza masharti hasi yajadiliwe upya. Hukumu za Glencore zimechapishwa. Ripoti ya Riggs inasomeka yote. Na kwa Buzwagi mtunzi hahitaji hata kutafsiri: kumbukumbu rasmi za Bunge za Julai na Agosti 2007 zimeandikwa neno kwa neno, kwa Kiswahili, pamoja na miongozo ya spika, taarifa, vicheko na makofi. Aanzie hapo, kwenye kikao cha asubuhi, kabla mbunge hajajua kwamba jioni atakuwa nje ya Bunge.